Mwanangu Alipoingia Darasani Mwangu

Walimu wangu vijana, mnaoripoti kazini mwaka huu na mabegi yenu ya magurudumu, assalaam alaykum, na wa Bwana asifiwe nao nawapokea. Mwalimu mkuu ameniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi hii kabla sijaanza kusahau. Nimemjibu kwamba kusahau ni kitu ambacho ningekiomba mwenyewe. Kinachonisumbua miye ni kukumbuka.

Siku ya kuniaga baadhi yenu mlikuwepo. Mlinipa kochi, mkanifunga kanga mabegani moja juu ya nyingine mpaka nikatoka jasho kama mkaanga samaki, na mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Huyu ndiye mama aliyeiinua shule hii." Vigelegele vikapigwa. Nikainamisha kichwa. Najua mlisema, tazameni unyenyekevu wa Mwalimu Mwanahawa. Haukuwa unyenyekevu. Nilikuwa naona haya, na haya hizo ndizo nataka kuwaeleza leo.

Lakini tuanze na ubao, maana ubao ni jambo jepesi. Ubao ukichakaa usingoje rangi kutoka juu. Saga mkaa, changanya na majani mabichi yaliyopondwa na unga mweusi wa betri kuukuu za redio, paka kwa kitambaa siku ya Ijumaa mchana, Jumatatu utaukuta mweusi tii. Chaki mpya ikate katikati, kipande kifupi hakipigi kelele za kuwatia watoto meno ganzi. Na ukifundisha baada ya chakula cha mchana, jua la Tanga likiwa limekaa juu ya bati, usisome kwa sauti kutoka kitabuni. Utalala wewe kabla yao. Nilishalala. Nilizinduliwa na mbuzi wa jirani aliyeingia darasani akaanza kula ramani ya Afrika Mashariki, na watoto hawakumfukuza kwa sababu, walisema, hawakutaka kuniamsha.

Hayo ya chaki na ubao nilifundishwa na Mwalimu Mhina, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipofika shuleni, binti mdogo nimetoka chuo, yeye ndiye aliyenibebea godoro langu kutoka barabarani. Mkewe alinipikia wali wa nazi na ng'onda, samaki wa kukaushwa, kwa wiki nzima mpaka nikapata jiko langu. Sikupata kumsikia akimtukana mtoto. Nawaambia hivi ili msije mkadhani aliyenipoteza alikuwa mtu mbaya.

Asubuhi yangu ya kwanza alinipitisha kati ya madawati, mikono nyuma, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "usijichoshe. Kila darasa lina wenyewe, na lina wasindikizaji. Wenyewe waweke mbele. Wasindikizaji wakae nyuma, watakusaidia kufagia na kuchota maji."

"Nitawajuaje, mwalimu?"

"Utawajua tu. Tazama walikotoka."

Basi nikatazama walikotoka. Mtoto ambaye mama yake anashinda minadani, nyuma. Mtoto anayezungumza Kidigo nyumbani na Kiswahili chake kinapinda, nyuma. Anayefika kengele imeshapigwa, nyuma. Mtoto wa karani, mtoto wa nesi, mbele. Na kweli, mwisho wa mwaka wa mbele walifaulu na wa nyuma walifeli, nami nikasema, lo, Mwalimu Mhina ana jicho. Haikunipitikia kwamba wa mbele ndio nilioongea nao mwaka mzima, na wa nyuma niliwaona vichwa tu.

Nitawaambia kitu ambacho hamtaambiwa chuoni. Imani hiyo inapumzisha. Mtoto akifeli hukosi usingizi. Unasema yule ni msindikizaji, unafunga daftari, unakwenda zako kununua samaki. Nilipumzika hivyo kwa miaka mingi.

Na mdomo ulikuwa haunikai. Kwenye ofisi ya walimu nilikuwa mstari wa mbele kusema, "Watu wa pwani hawa hawapendi shule." Siku moja Mwalimu Naomi, mwalimu mkuu wetu wakati ule, Mlutheri kutoka milimani Lushoto, aliinua macho kwenye karatasi zake akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu Mwanahawa, ni mtu wa wapi?"

Nimezaliwa Makorora, hapa hapa Tanga. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua.

"Miye nimesoma," nikajibu.

Walimu wakacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka, akarudi kwenye karatasi zake.

Sasa, nilikuwa na mtoto mmoja, Yahya, niliyempata baada ya kungoja sana. Alipofika umri wa shule, swali la kumleta kwangu halikuulizwa hata kwa mzaha. Tulimpeleka shule ya kulipia, inayofundisha kwa Kiingereza, yenye sweta, tai na basi la njano. Basi lilimchukua alfajiri Makorora na kila asubuhi lilipita mbele ya geti la shule yangu. Nilikuwa nikilisikia linapita niko paredi, na nilijizoeza kutolitazama. Shuleni hakuna aliyeniuliza mwanangu anasoma wapi, na miye sikusema. Walimu wenzangu wengi walifanya hivyohivyo. Ilikuwa kama maradhi ya ndani ambayo kila mmoja anayo na hakuna anayeyataja.

Hata siku moja basi likafia getini kwetu.

Nilikuwa darasa la nne, madirisha yetu yanatazama geti. Dereva alikwenda kumwomba Mwalimu Naomi ruhusa watoto wake watumie vyoo vyetu. Wakaja kwa mstari, tai zimekaa sawa, wameshikana mikono, wakapita chini ya dirisha. Darasa langu zima likasimama kuwatazama. Ndipo nikasikia sauti.

"Mama! Mama, basi letu limekufa!"

Nilikuwa nimeelekea ubaoni. Wallahi, sikugeuka. Nilishika chaki nikaandika tarehe, na tarehe ilikuwa imeshaandikwa. Nikaiandika tena chini yake.

"Mama! Ni mimi!"

 Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma kabisa, Rehema, binti wa fundi baiskeli, akasema kwa adabu, "Mwalimu, unaitwa."

"Andikeni," nikasema.

Mstari ukapita. Nilipogeuka, watoto wote walikuwa wakinitazama. Hawakuwa wakali wala hawakunicheka. Walikuwa kama watu waliofunua kawa ya chakula cha watu kwa bahati mbaya wakaona kisichowahusu.

Jioni Yahya aliniuliza, "Mama, leo hukunisikia nilipokuita?"

Nikamwambia sikusikia. Akasema, "Nilipiga kelele sana." Nikamwambia ale.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikugeuka. Mtoto anamwita mama yake, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba wale watoto wangejua. Wangejua kwamba mahali ninapowaambia kila siku wasome kwa bidii wafanikiwe, mimi mwenyewe sikudhani panafaa kwa mtoto ninayempenda. Na walijua, kugeuka au kutogeuka.

Mwezi ule tukawa na mkutano wa wazazi. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa mabaya, kama mwaka uliotangulia na ule wa kabla yake. Mwalimu Naomi aliyasoma akakaa. Nikasimama mimi, maana nilikuwa mwalimu wa taaluma na sauti ninayo. Nikawapasha. Nikawaambia hawajali, watoto wanashinda ngomani, wanatumwa minadani, madaftari hayakaguliwi nyumbani. Nikamalizia kwa kusema, "Sisi walimu tunajitahidi, lakini ninyi wazazi wa huku hamuithamini elimu."

Nilipokaa, mtu mmoja nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa Fundi Hoza, mwenye banda la baiskeli kando ya barabara, baba yake Rehema. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tumekusikia. Mengine uliyosema ni kweli, mimi mwenyewe daftari la binti yangu sijalifungua. Nina swali dogo tu, uniwie radhi."

"Uliza, fundi."

"Lile basi lilipoharibika hapa getini, kuna mtoto alikuita mama. Binti yangu kanieleza. Ni mwanao?"

"Ndiyo."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

"Haya," akasema, akavaa kofia yake. "Mimi basi."

Akakaa. Mama mmoja akamwambia, "Fundi, si umalizie?"

"Nimalizie nini? Nilitaka kujua hapa pazuri au si pazuri. Nimeshajua."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwalimu Naomi aliwaomba watu dua ya kufungia mkutano, na mimi nilibaki nimekaza macho kwenye vidole vyangu vya miguu, hina imeanza kufifia, nikiona kila kidole.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, Baba Yahya, naye ni fundi umeme, mtu mtaratibu. Nikamwambia nafikiria kumleta mtoto kwangu.

"Mama Yahya," akasema, "watu watakusema leo, kesho watakuwa na mengine ya kusema. Mtoto ukimharibia masomo, hilo litapita lini?"

"Kwa hiyo pale kwangu ni kumharibia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ndiye unayeniambia? Kila siku ukirudi unasema pale hapafundishiki, watoto vichwa mawe. Mimi nitajuaje? Nimekuamini wewe."



Mkidhani nilibadilika siku hiyo, mmekosea, nami sitawadanganya. Kwanza nilikasirika. Aibu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira, na hasira yangu ilimwangukia Rehema, kwa kuwa ndiye aliyepeleka habari nyumbani. Sikumpiga. Niliacha kumwona. Akinyoosha kidole, jicho langu linampita. Akiniamkia shikamoo njiani, naitikia marahaba nikitazama mbele. Mtoto wa darasa la nne, jamani. Na baba yake nikawa namkwepa, nikikaribia banda lake navuka barabara, nazunguka kwa nyuma kwenye matope, viatu vinaharibika.

Nilimhamisha Yahya mwaka mpya ulipoanza, akaingia kwetu darasa la tano. Walioniaga kwa vigelegele wanadhani nilifanya hivyo kwa moyo wa kizalendo. Nilifanya hivyo kwa sababu nilichoka kupita kwenye matope.

Nikamweka dawati la mbele, bila shaka, karibu na meza yangu. Akawa anapendeza, shati jeupe, Kiingereza chake kinateleza kama mafuta. Kisha nikatoa jaribio la Hisabati.

Walimu wangu, nilisahihisha karatasi zile ofisini peke yangu. Nilipofika kwenye yake nilidhani nimekosea jina. Nikairudia. Hesabu za sehemu zote zilikuwa kosa, si moja wala mbili. Huko alikotoka alikuwa akikariri, na yale aliyokariri yalikuwa kwa lugha nyingine. Kwa kanuni yangu mwenyewe, ile niliyoitumia tangu siku niliyobebewa godoro, mwanangu alikuwa mtu wa nyuma.

Nikaanza kumtafutia udhuru pale pale, kalamu nyekundu mkononi. Ni mgeni. Lugha inamchanganya. Bado hajazoea. Pengine mimi sikueleza vizuri. Ataelewa tu akielezwa kwa njia nyingine, mbona ana akili. Nilipofika hapo kwenye "mbona ana akili" nikasimama. Mle darasani walikuwemo watoto waliohamia kutoka vijijini, Mwera na kwingine, wageni kama Yahya, lugha inawachanganya kama Yahya. Katika udhuru wote ule niliompa mwanangu kwa dakika moja, hakuna hata mmoja niliopata kuwapa wao.

Niliinamia meza nikalia. Mwalimu wa zamu alipochungulia nikamwambia ni vumbi la chaki.

Jumamosi nilimkalisha Yahya mkekani, mchana, na kikapu cha machungwa ya Muheza.

"Nusu gawanya kwa robo," nikamwambia. "Unafanyaje?"

"Nageuza ya pili halafu nazidisha."

"Kwa nini unageuza?"

"Sijui. Kwa nini, mama?"

Nami, mwalimu wa Hisabati, mwalimu wa taaluma, nikafungua mdomo nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimeifundisha miaka yote ile kama uganga: geuza, zidisha. Sikupata kujiuliza, kwa sababu wa mbele walishika bila kuuliza, na wa nyuma sikuwangojea waulize. Nikachukua kisu, nikakata chungwa nusu. Nikakata la pili robo nne. Nikaiweka nusu ile mbele yetu tukaitazama wote wawili.

"Sasa robo hizi, zinaingia ngapi humu kwenye nusu?" nikauliza, nikijiuliza na mimi.

Akazipanga. "Mbili! Mama, jibu ni mbili!" Akakunja uso. "Lakini mbili ni kubwa kuliko nusu. Tumegawanya, imekuwaje kubwa?"

"Si machungwa mawili. Ni robo mbili. Tunahesabu robo."

Akacheka kwa furaha, akaila nusu yote na maganda yake meupe. Nami nilikuwa nimejifunza somo langu nikiwa na mvi.

Jumatatu nikabeba kikapu kwenda darasani. Niliyakata taratibu, nawaambia, kwa sababu nilijua ninayemkatia. Nilieleza nikimtazama Yahya. Nilipoona bado, nikaeleza tena kwa njia nyingine. Nikaanza na kuwaacha wafikiri. Nikiuliza swali nanyamaza, nasoma sura ya Kulhuwallahu kimoyomoyo mpaka mwisho ndipo nataja jina. Shikeni hilo, ni dawa. Nilimweleza Mwalimu Naomi akasema kwake yeye Baba Yetu ni ndefu mno, watoto wangesinzia, akachagua sala iliyo fupi.

Na huko nyuma vichwa vikaanza kunyanyuka. Siku moja sauti ikatoka dawati la mwisho: "Mwalimu, rudia." Darasa likashtuka, maana zamani aliyesema rudia nilimjibu, "Rudia kwenu." Nikarudia. Nilirudia kwa sababu Yahya naye alikuwa hajaelewa.

Baada ya kipindi watoto walitoka, Rehema akabaki akikusanya maganda ya machungwa. Hakuna aliyemtuma. Wa nyuma walishazoea kwamba kufagia ni kwao.

"Acha, Rehema. Nenda kapumzike."

Akasimama na maganda yake mikononi. "Mwalimu, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Yahya akishaelewa, utaendelea kurudia?"

Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza kama kesho kuna shule, ajue kujipanga. Wala hakuwa na kinyongo. Nimesemwa na wakaguzi, nimesemwa na maafisa, nimesemwa na baba yake mbele ya umati. Hakuna lililoniingia kama lile.

"Nitaendelea," nikamwambia.

"Haya, mwalimu," akasema, akaenda kutupa maganda. Hakuniamini, na hakuwa na sababu ya kuniamini.

Siku iliyofuata nikavunja mistari ya madawati, kila mtu akakaa atakapo, na kila wiki tukahama. Rehema nikamwomba radhi, mlangoni, wenzake wanasikia. Nilimwambia, "Nilikuwa sikuoni, mwanangu. Nisamehe." Akaona aibu kwa niaba yangu, akaziba uso kwa mtandio.

Kwenye kikao cha walimu nilisema yote, la ubaoni na la karatasi ya Yahya. Mwalimu Naomi akaagiza madarasa yote yavunje mistari. Wengine walinung'unika. Mmoja alisema nimeleta mambo ya nyumbani kwangu ofisini, na hakukosea. Mwalimu Mhina, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, alisikiliza mpaka mwisho. Kikao kilipokwisha akanifuata nje kwenye kivuli cha ukuta.

"Umetuumbua, mwanangu."

"Nimejiumbua mwenyewe, mwalimu."

Akatazama uwanjani, watoto wanacheza. "Unadhani mimi nilikuwa sijui? Nilianza kama wewe sasa. Nikarudia, nikarudia, madarasa makubwa, nikachoka. Nikatafuta pa kushika." Akakung'uta chaki mikononi. "Na ukishakaa miaka, huwezi tena kukubali kwamba wote wanaweza. Ukikubali, wale waliokwisha kupita utawaweka wapi?"

 Siku chache baadaye nilimwona darasani kwake, mzee yule, amekaa kwenye dawati la nyuma magoti yamegusa kidevu, anatazama ubao kutoka huko. Akamwita mtoto akamwambia, "Hivi kumbe huku hamwoni kitu?" Ndiye aliyetoka kusaga mkaa akapaka ubao upya.

Shule ikapanda, polepole, si kwa muujiza. Walimu wawili zaidi walileta watoto wao. Fundi Hoza akawa mwenyekiti wa kamati ya shule, mkali kama pilipili, na nikawa napita mbele ya banda lake na kumwamkia. Yahya alifaulu kwa wastani tu na sasa ni fundi kama baba yake. Rehema alifaulu vizuri kuliko yeye, ni muuguzi Pangani. Hayo ndiyo mshereheshaji aliyoyatangaza, na ni kweli yote.

Ambacho hakutangaza ni kwamba mlango ule haukufunguliwa kwa ajili yao. Ulifunguliwa kwa ajili ya mwanangu, wao wakaingia nyuma yake. Kama Yahya angekuwa hodari wa sehemu tangu siku ya kwanza, ningemweka mbele, na Rehema angefagia mpaka darasa la saba. Nyie msingoje mzae ndipo muanze kufundisha.

Na kuna wale wa kabla. Mwaka huu, baada ya kustaafu, nilikuwa nakwenda Mombasa kwenye harusi ya mpwa wangu. Tulipofika mpakani Horohoro tukashuka kugonga mihuri, nami nahangaika na begi langu. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, anayewabebea abiria mizigo, akaniangalia, akaacha toroli lake akaja mbio.

"Shikamoo, Mwalimu Mwanahawa!"

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Athumani! Athumani Kombo, darasa la saba! Ah, huwezi kunikumbuka, nilikuwa kule nyuma."

Akawaita wenzake, ana furaha ya kweli, amenishika mkono hauachi. "Huyu ndiye mwalimu wangu wa Hisabati! Mwalimu hodari huyu. Alihangaika na sisi, lakini kichwa changu kilikataa. Kigumu!" Akajigonga kipaji kwa kidole, wenzake wakacheka. "Na binti yangu yuko la nne sasa, kanifuata mimi. Mwalimu wake kaniambia, Athumani, huyu usijisumbue naye. Nikamwambia, najua, mwalimu, ndiyo damu yetu."

Watu walikuwa wanapita na mizigo, kondakta anaita. Nilimshika mkono wake wa pili.

"Athumani, nisikilize. Kichwa chako hakikuwa na kosa. Ni mimi. Sikukufundisha. Nilikuweka nyuma nikakuacha. Na huyo binti yako akili anazo."

Akacheka. "Mwalimu bwana! Unanipa moyo tu."

"Sikupi moyo. Nakwambia kweli. Sikukufundisha."

"Ulifundisha, mwalimu, nilikuwepo. Wenzangu si walielewa?"

Nikamwambia mara ya tatu. Nikamwomba namba yake, nikamwambia nikirudi nitakwenda kumfundisha huyo mtoto mwenyewe, na nimekwenda, na naendelea kwenda, na mtoto ni mwepesi kama panya. Lakini baba yake hukaa mlangoni akitutazama, na kila mtoto akijibu sawa yeye hutikisa kichwa na kuniambia, "Mwalimu, huyu kabahatisha tu."

Siku ile mpakani alinipakilia begi, akakataa hata soda, akasimama kunipungia mkono mpaka basi likaondoka. Katika miaka yote aliyokaa darasani mwangu kuna jambo moja tu nililomfundisha Athumani likamwingia sawasawa, na hilo ndilo ninaloshindwa kulifuta.